DVD kumi, zilizosomeka nne

Katika pakiti yangu ya kwanza ya DVD kumi, zilizosomeka vizuri zilikuwa nne. Sita ziligoma, ingawa kila nilipomaliza kuchoma, yaani kuandika faili kwenye diski kwa leza, programu ya kompyuta iliniambia "imekamilika". Nikalaumu diski, nikanunua za aina nyingine, mambo yakawa yale yale.

Nilichelewa kung'amua kwamba "imekamilika" maana yake ni leza imemaliza kuandika, basi. Hakuna kilichorudi kusoma kilichoandikwa. Kwenye programu kuna kisanduku cha kuhakiki, cha kuiagiza isome tena ilichoandika, nami nilikuwa nakiruka kwa sababu kinaongeza muda karibu mara mbili, na nilikuwa na haraka zangu. Siku nilipokiwekea alama, diski ya kwanza tu ikakwama kwenye asilimia 91. Nikaitoa, nikaigeuzageuza chini ya taa. Sehemu iliyochomwa huonekana rangi tofauti kidogo na isiyochomwa, na kwa kuwa leza huanzia katikati kwenda nje, asilimia 91 ni karibu na ukingo. Hapo hapo palikuwa na alama ya kidole gumba. Changu.

Siku hizi naishika diski kwa ukingo na tundu la katikati. Vumbi nalifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, sizungushi. Mkwaruzo wa duara hufuata mkondo wa data na kuharibu kipande kirefu.

Kidole hakikueleza zile nyingine. Nilikuwa nachoma kwa 16x, yaani mara 16 ya kasi ya msingi ya DVD, faili zikitoka kwenye diski ya nje kwa waya wa USB, huku natazama video. Sasa nazihamishia faili kwenye kompyuta kwanza, nafunga kila kitu, nachoma kwa 8x. Nilijaribu pia kasi ya chini kabisa nikidhani ndiyo salama zaidi, sikuona nafuu: diski za 16x zimetengenezwa kwa ajili ya kasi kubwa.

Kujaza pomoni nimeacha. DVD ya GB 4.7 kompyuta nyingi huionyesha kama 4.37 hivi, na huko ukingoni ndiko makosa hupenda kutokea. Mimi naishia 4.

Halafu kuna hili: draivu (kile kifaa cha kuandika na kusoma diski) ikijihakiki yenyewe ni mwanafunzi anayejisahihishia mtihani. Diski moja ilipita vizuri kwangu, nilipoiweka kwenye deki ikakataa katakata. Kumbe sikuwa nimeifunga, yaani sikuiambia programu ikamilishe diski isiongezwe kitu tena. Niliiacha wazi ili niongeze faili baadaye. Sasa nazifunga, na kila moja naijaribu kwenye mashine nyingine kabla sijafuta faili za awali.

CD moja niliiharibu baada ya kufaulu majaribio yote, kwa kuiandikia jina kwa kalamu ya kawaida. Data ya CD iko chini tu ya upande wa juu, si kama DVD yenye plastiki pande zote mbili. Sasa naandika kwa kalamu laini ya wino wa maji, kwenye kile kiduara cha plastiki kinachozunguka tundu.