Daftari la maneno ya jikoni, wiki ya tisa: posho imenirudisha nyuma

Daftari limefika maneno 112. Wiki hii nimeongeza manne tu na nimefuta mawili, na lawama zote ziende kwa posho.

Kwa mgeni wa leo: nina hoteli ya chakula hapa Mutukula, upande wa Uganda, na naandika kwa Kiswahili maana ya maneno ya mapishi, ya kwetu na ya mbali. Ya mbali naletewa na mpwa wangu anayepika Kampala.

Posho nilishaiandika zamani, mstari mmoja: ugali wa mahindi. Jumanne akaingia dereva wa lori kutoka Dodoma, nikamwambia, "Karibu kaka, leo kuna posho na maharage." Alicheka mpaka akaketi. "Dada, mimi posho yangu ya safari naidai mwezi wa pili sasa, kumbe iko Uganda!"

Kwao posho ni pesa, ya safari au ya kikao. Zamani ilikuwa mgao wa chakula wa askari, wapagazi na vibarua, na mgao wenyewe aghalabu ulikuwa unga wa mahindi. Huku kwetu jina limebaki na unga, kule limehamia kwenye bahasha. Mstari mmoja umekuwa ukurasa.

Nikaingiwa na wasiwasi, nikarudi kwa dagaa. Kweli, nilikuwa nimewarundika pamoja. Mukene wetu, omena wa Kenya na dagaa wa Mwanza ni samaki yule yule wa Ziwa Victoria, ila dagaa wa Kigoma, wa Ziwa Tanganyika, ni samaki wengine kabisa. Nimewatenganisha.

Luwombo, kitoweo chetu cha Uganda kinachopikwa ndani ya jani la mgomba, sikutaka kuiandika kwa kukumbuka, kwa hiyo Alhamisi nikaipika. Jani changa la mgomba, lisilochanika, unalipitisha juu ya moto mpaka linyong'onyee na kung'aa. Uti wa kati unauparaza kwa kisu ili jani likunjike bila kuvunjika. La kwanza nililifanyia haraka, likapasuka, rojo la karanga likanimwagikia hadi kwenye ndara. La pili likatii: kuku na rojo katikati, kingo zikakusanywa juu, nikafunga kwa kamba ya mgomba. Kifurushi hakigusi maji. Kinakaa juu ya vikonyo vya majani sufuriani na kuiva kwa mvuke, taratibu. Ukikifungua, harufu ya jani inakutangulia.

Mpwa wangu alikuwa ameniletea neno la Wafaransa, en papillote, samaki kufungwa ndani ya karatasi na kuokwa aive kwa mvuke wake mwenyewe. Maana aliyoiandika: "luwombo ya karatasi." Nimeikubali nusu. Karatasi inazuia mvuke usitoke, basi. Jani linatia ladha.

Mengine yamepita upesi. Al dente, Waitaliano wanasema "kwa jino": tambi zimeiva lakini jino bado linakutana na ubishi kidogo. Vindaloo, mchuzi mkali wa Goa huko India, haina uhusiano na viazi, ingawa kwa Kihindi aloo ni viazi; jina lilifika Goa na Wareno, kutoka nyama iliyolowekwa kwenye mvinyo na vitunguu saumu. Rolex ya huku Uganda si saa bali chakula: jina ni Kiingereza cha "mayai yaliyoviringishwa" kilichotamkwa mbio mbio, na chapati ndiyo shuka.

Lililonishinda ni letu wenyewe, kuunga. Mpwa anataka neno moja la kigeni la kuweka ubavuni. Maharage yameshachemka, unakaanga kitunguu na nyanya, unayamimina humo, yanachukua mafuta na rangi. Kukaanga si kuunga, kuchemsha si kuunga. Nimemwachia nafasi tupu aijaze yeye.

Wiki ijayo ni senene na waragi, pombe kali ya huku, kama wateja wataniacha nishike kalamu. Yule dereva alipita tena jana akirudi kwao. Kabla sijamkaribisha akaagiza sahani moja ya posho, akauliza anasaini wapi.