Ganda la Shokishoki na Kosa Langu la Moto

Msimu wa shokishoki unapoingia, njia za pembeni mwa soko la Darajani, Unguja, hujaa maganda mekundu yenye nywele, ambayo hufagiwa jioni pamoja na taka nyengine, ilhali kwa mtu anayetafuta antioksidanti, yaani kemikali zinazozuia uharibifu unaoletwa na oksijeni, ganda hilo lina thamani kuliko nyama tamu iliyokwisha kuliwa. Kiambata chake kikuu ni geraniini, tanini kubwa yenye uzito wa molekuli wa takriban 952, na tanini za namna hiyo ndizo zinazoleta ukakasi unaoshika ulimi ukilitafuna.

Nilipoanza kujifunza kuitenga geraniini nilikuwa na haraka. Niliyachemsha maganda sufuriani kama anayepika chai ya mchaichai, nikapata maji mazito ya rangi ya hudhurungi, nikaamini nimefanikiwa. Kumbe geraniini haistahamili kuchemshwa muda mrefu majini: huvunjika ikatoa korilagini, asidi ya galiki na asidi ya elagiki. Vipande hivyo navyo ni antioksidanti, lakini nilichokuwa nikikitafuta nilikuwa nimekivunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku hizi nayaanika maganda kivulini juu ya jamvi, nayatwanga mpaka yawe unga, nayaroweka kwenye ethanoli bila ya moto, kisha nachuja na kuivukiza ethanoli katika mgandamizo mdogo wa hewa, ili iondoke kwa joto dogo. (Kinu kiwe cha mti, kwani chuma kikikutana na tanini hutoa weusi kama wa wino.)

Kazi hasa iko kwenye kromatografia, yaani kuzitenganisha kemikali kwa kuzipitisha kwenye mrija wenye unga unaozishika kwa nguvu tofauti. Unga wa kawaida wa silika (madini ya mchanga) huzing'ang'ania tanini zisishuke, kwa hivyo hutumika silika iliyovishwa minyororo ya kaboni 18; hupitishwa maji kwanza kuondosha sukari, ndipo maji yaliyochanganywa na kiyeyusho kiitwacho asetonitrili yaiteremshe geraniini.

Kuipima naitia kwenye DPPH, kemikali ya zambarau inayogeuka manjano inapokutana na antioksidanti, nikasoma mabadiliko kwa spektrofotomita, chombo kinachopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 517, na vitamini C pembeni kwa kulinganisha. Rangi hiyo haisemi lolote juu ya mwili wa mtu, kwani tumboni geraniini huvunjika na bakteria wa utumbo huigeuza asidi ya elagiki kuwa kemikali nyengine, urolithini. Kwa hivyo jamaa wakiniuliza kama wayachemshe maganda wanywe, huwajibu kwamba mimi nimepima kwenye neli ya maabara, sikupima kwa binadamu.