Vivuli vya manamba Tanga: mradi ulipofikia

Sehemu ya kwanza ya mchezo wetu wa vivuli kuhusu wahamiaji imekamilika; ni ya manamba, vibarua waliotoka mbali kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Tunataka mtazamaji amzoee mtu kwanza, amcheke, amhurumie, ndipo ajue katoka wapi. Kivuli hakionyeshi kabila wala pasipoti, na ndiyo sababu tumekichagua.

Pazia ni kitambaa cha marekani, mita 3 kwa 2. Kifuliwe kabla ya kushonwa pindo, maana kikiwa kipya kina wanga na kitaruka (kitapungua) baadaye. Tunakifunga kwenye mirunda kwa kamba ya katani, na pindo la chini tunalijaza mchanga; upepo wa baharini ukilipeperusha pazia, nyuso zote zinapinda.

Taa ndiyo inayosumbua wengi. Tochi yenye vitaa vingi hutoa vivuli vingi vya mkono mmoja. Tunatumia balbu ya taa ya mbele ya pikipiki, volti 12, wati 35, bila kioo chake cha nyuma. Nyingi zina nyuzi mbili ndani: unganisha ule wa taa kamili peke yake, kwani zikiwaka zote kingo zinakuwa mbilimbili. Inavuta karibu ampea 3, kwa hiyo betri ya ampea-saa 7 isitegemewe zaidi ya saa moja. Kioo chake kisiguswe kwa vidole vitupu, na kitambaa kikae mbali nayo, inachoma.

Vikaragosi ni vya boksi gumu, urefu sentimita 40, viungo vya waya begani, kwenye kiwiko na gotini, mpini ni spoku ya baiskeli. Vanishi ipakwe pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja, boksi linajikunja kwa unyevu wa pwani.

Hadithi inamfuata kijana wa mashamba ya mkonge enzi za Waingereza. Walikuja Wamakonde kutoka Msumbiji, Warundi, Wanyamwezi, Wabena. Hata mkonge wenyewe ni mgeni: asili yake Mexico, ukaletwa huku mwaka 1893 kupitia Florida. Kijana alipewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Tumekitengeneza kwa boksi lenye matundu 30 yaliyozibwa kwa karatasi ya gundi. Kila siku anayomaliza, kizibo kimoja kinabanduliwa na nukta ya mwanga inatokea paziani. Akiugua homa, hakuna nukta. Watoto huanza kuhesabu wenyewe bila kuombwa.

Tumemwacha akope dukani, agombane, achelewe kuoa. Mhusika aliye malaika haaminiki, na watu hubaki na maoni yao yale yale. Pia hatuanzi kwa kutaja matusi wanayotukanwa wahamiaji ili tuyakanushe. Mtazamaji huondoka na tusi, jibu limeshamtoka. Kabla ya kufichua kijana kwao ni wapi, mchezo unasimama na mwendeshaji anauliza: "Huyu ni wa wapi?" Hapo asikatize mtu. Tanga hii, wengi wana babu aliyekuja kukata mkonge.

Sehemu ya pili ni ya makazi ya Chogo, wilayani Handeni: watu waliokimbia vita vya Somalia, ambao mababu zao Wazigua walichukuliwa utumwani karne ya 19. Wazee walirejea wakiwa bado wanasema Kizigua. Hapo sauti itatangulia, mazungumzo ya Kizigua gizani, taa iwashwe baadaye. Kwa anayetupa kisa cha safari ya juzijuzi, tunabadilisha jina, njia na mwaka, na sauti yake haichezwi. Kisa chake anakisoma mtu mwingine. Kilichobaki sasa ni kukata vikaragosi 6 na kupata msomaji wa Kizigua.