Kisimbuzi Kilitubadilisha Kuliko Televisheni Yenyewe

Mjadala kuhusu athari za televisheni katika jamii yetu huishia mara nyingi kwenye maadili: mavazi ya wasanii, lugha ya matangazo, mapenzi ya hadharani katika tamthilia za kigeni, na watoto wanaoyaona yote hayo kabla ya umri wao. Siudharau mjadala huo, kwa kuwa mzazi yeyote aliyewahi kuirukia rimoti mbele ya wakwe anaujua uzito wake. Hata hivyo, nikiitazama miaka thelathini na ushei ambayo Tanzania Bara imekuwa na televisheni, naona kwamba kilichotubadilisha zaidi ni kile kisanduku kidogo kinachokaa pembeni ya kioo, yaani kisimbuzi, ambacho wengi wetu bado tunakiita king'amuzi.

Bara ilichelewa kwa makusudi. Kenya ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1962 na Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa hiyo ni anasa ambayo ingewanufaisha wachache wa mijini. Redio ilitosha, na kwa kweli ilifanya kazi kubwa, kama ilivyoonekana mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya. Wakazi wa Dar es Salaam waliokuwa na uwezo walisimamisha antena ndefu juu ya mapaa wakanasa matangazo ya Unguja. Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ndiyo iliyowafungulia mlango watu binafsi, na mwaka 1994 ITV ya Reginald Mengi ikawa hewani, ilhali televisheni ya serikali ilifuata miaka kadhaa baadaye. Kwa hiyo huku Bara chombo hiki kilianzia mikononi mwa wafanyabiashara, na nadhani ndiyo maana hatukupata kukitazamia kitufundishe kama tulivyoitazamia redio.

Katika miaka ile ya mwanzo, aliyenunua televisheni na antena alikuwa amemaliza. Kumkaribisha jirani hakukumwongezea gharama yoyote, kwa sababu umeme ulikuwa uleule awe ndani mtu mmoja au ishirini. Sebule zilijaa, watoto wakakaa sakafuni, waliochelewa wakachungulia dirishani, na taratibu zake zikaeleweka bila kuandikwa: viatu vinabaki mlangoni, huingii wenyeji wakiwa mezani, na huombi kubadilishiwa chaneli. Saa mbili usiku, ambayo redio ilikuwa imekwisha kuifanya kuwa saa ya taarifa ya habari, iliendelea kutawala jioni ya nyumba nyingi, kiasi kwamba chakula kilipangwa kuliwa kabla yake au baada yake. Kwa kuwa chaneli zilikuwa chache, watu waliokutana kesho yake sokoni au kwenye daladala walikuwa wametazama kitu kimoja, na michezo ya kuigiza ya kikundi cha Kaole, ambamo marehemu Steven Kanumba alianza kujulikana, iliweza kujadiliwa na dereva, abiria na kondakta kwa pamoja.

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam kupisha matangazo ya dijitali, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Tanzania iliwatangulia majirani zake katika jambo hili, na picha zilikuwa safi kweli, bila chenga. Lakini kuanzia hapo televisheni iliyonunuliwa kwa jasho haikuonyesha kitu bila kisimbuzi, na kwa wengi kisimbuzi kilikuja pamoja na kifurushi cha mwezi. Agosti 2018, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoziagiza baadhi ya kampuni za televisheni za kulipia kuziondoa chaneli za bure za ndani, kwa maelezo kwamba leseni zao hazikuruhusu kuzibeba, kuna nyumba ambazo zilijikuta na visimbuzi viwili, kimoja cha mpira na tamthilia, kingine cha taarifa ya habari.

Kitu kinacholipiwa kila mwezi kina mwenye nacho, na mwenye nacho huhesabu. Sisemi kwamba tulianza kufukuzana. Nasema tu kwamba mgeni wa televisheni alitoweka polepole. Jirani aliona haya kuketi kwenye kifurushi cha mwenzake, naye mwenye nyumba akapata jibu rahisi la kumpa mtoto wa watu, kwamba kimekata. Ndani ya familia napo, chaneli zilizoongezeka hazikuleta amani. Baba anataka habari, mama anataka tamthilia, na vyote viwili vinarushwa saa ileile. Wapo waliovuta waya kutoka sebuleni hadi kwenye televisheni ya pili chumbani wakidhani wamepata ufumbuzi, kumbe kisimbuzi kimoja hutoa chaneli moja, na aliyejifungia chumbani analazimika kutazama anachochagua mwenye rimoti.

Mpira wa miguu ni sura nyingine ya mambo hayo. Mei 2021 Shirikisho la Mpira wa Miguu nchini na Azam walitia saini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, na hakuna mwenye klabu anayeweza kubeza fedha hizo. Shabiki wa Sumbawanga sasa analiona bao la Simba au Yanga katika dakika lilipofungwa, jambo ambalo zamani alilisikia redioni na kulichora mwenyewe kichwani. Asiye na kifurushi huenda kibanda umiza, akalipa kiingilio kidogo na kubanana kwenye benchi. Kibanda umiza kimerudisha ule utazamaji wa pamoja uliotoweka sebuleni, ila kimeurudisha kwa wanaume na vijana, kwa maana ni nadra kumkuta humo mama mtu mzima au bibi.

Bibi yeye alipata chake kwa njia nyingine. Kwa miaka mingi tamthilia za nje, za Kifilipino, za Amerika ya Kusini na za Afrika ya Kusini, zilikuja na Kiingereza kilichosemwa au kuandikwa chini ya picha, na katika nyumba nyingi mjukuu anayesoma ndiye aliyekuwa mkalimani. Alifupisha, aliruka mabusu, alizidisha maneno ya mama mkwe, na kwa nusu saa mtoto wa darasa la sita alikuwa na mamlaka juu ya wazee. Kisha tamthilia zikaanza kuingizwa sauti za Kiswahili. Ile ya Kichina kuhusu maisha ya ndoa ya binti aitwaye Doudou ilipendwa hapa nchini kiasi cha Rais Xi Jinping kuitaja katika hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye vijana wa Kitanzania walichukuliwa kwenda Beijing kufanya kazi hiyo ya sauti, na tamthilia za Kituruki nazo zikafuata, zikasikika kwa Kiswahili fasaha kuliko kile cha vituo vyetu vingi vya redio. Bibi hahitaji tena mkalimani. Anazijua hila za kasri ya sultani, anamlaani mke mdogo kwa jina, na anaweza kumsimulia mjukuu sehemu iliyompita. Mjukuu amepoteza cheo chake, na mimi naona ni haki, ingawa nakiri kwamba tafsiri zake za uongo zilikuwa tamu kuliko mchezo wenyewe.

Malipo yenyewe nayo yamezaa wajibu mpya kwa watoto walioko mijini. Zamani tulituma fedha za sukari, mafuta ya taa na dawa. Siku hizi mwishoni mwa mwezi mama hupiga simu, husalimia, huuliza hali ya wajukuu, huzungumzia mvua, na mwisho kabisa, kama jambo lililomjia tu, husema kwamba king'amuzi kimekata tangu juzi na hajui yule binti aliolewa au la. Namba ya kadi ya kisimbuzi chake nimeihifadhi kwenye simu kando ya namba ya mita yake ya LUKU, na wadogo zangu wanayo pia, kwa hiyo tumegawana miezi. Kaka yetu mkubwa alipendekeza tumshushie kifurushi hadi kile cha bei nafuu. Mama alikikubali kwa mwezi mmoja, akagundua kwamba hakina chaneli yake ya tamthilia, na suala hilo halijajadiliwa tena katika kikao chochote cha familia.