Nyuzi 210

Juzi rafiki yangu kanitumia skrinshoti ya ile ramani ya meli ya kwenye simu, Mlango Bahari wa Dover, vialama vimejipanga foleni mbili, moja inashuka nyingine inapanda, chini kaandika "huku ndiko mlikokatiza na kile kimashua?" Nikaacha nilichokuwa nafanya. Ndiyo, huko huko.

Tulikuwa watatu, nahodha, yule dada aliyeshika usukani na mimi, mashua ya matanga ya mita 9 hivi, tunatoka Dover kwenda Calais. Umbali wenyewe si kitu, maili 20 na kidogo za baharini, kazi iko katikati. Pale zinapita meli zaidi ya 400 kwa siku na zimetengewa njia kama barabara kuu, upande wa Uingereza zinaelekea kusini magharibi, upande wa Ufaransa zinapanda kaskazini mashariki, halafu feri nazo zinakatiza humo humo. Kanuni ya 10 ya zile kanuni za kuzuia migongano baharini inakutaka ukatize kwa nyuzi 90, na kinachoangaliwa ni omo yako, yaani ile ncha ya mbele, imeelekea wapi, siyo maji yanakusukumia wapi. Siku ile mkondo ulikuwa unatuvuta kando haswa, ukitazama nyuma unaona kabisa tunakwenda upande, dada anataka kurekebisha nahodha anamwambia acha utuchukue, wewe shikilia hapo hapo tutoke haraka. Na lile la kwamba chenye injini kinapisha chenye matanga, mle ndani usilitegemee, mashua ya matanga haitakiwi kuzuia meli inayofuata njia yake.

Njia ya kwanza meli zinakujia kushoto. Tulipita vizuri, sina la kusimulia.

Ya pili zinakujia kulia, na huko ndiko ilikotokea ile meli ya makontena. Nahodha akanipa dira ya mkononi, akasema ipime, usiiache. Yaani unailenga meli kwenye dira unasoma nyuzi, baada ya muda unasoma tena, zikibadilika mtapishana, zisipobadilika na huku meli inazidi kukua basi mnakwenda kukutana. Nikasoma 210. Nikaegemea mlingoti nikabana viwiko kifuani maana mashua inayumba na kile kisahani cha dira kinaogelea, kinakwenda 205, kinarudi 215, unangoja kitulie, kikatulia 210. Mara ya kwanza makontena yalikuwa rangi moja tu ya kijivu, sasa naona ya bluu na ya kahawia, naona povu jeupe chini ya omo yake, napima, 210. Mdomo umekauka. Yeye, ile meli, alikuwa anakuja kwa noti 18 hivi, yaani maili 18 za baharini kwa saa, sisi 5, kwa mwendo huo maili tatu zilizobaki ni kama dakika kumi tu, na meli ya ukubwa ule haisimami papo hapo hata akitaka. Kifaa chetu cha AIS, ule mfumo ambao vyombo hurushiana kwa redio jina na mwelekeo wao, kilikuwa kinapokea tu hakirushi, kwa hiyo sisi tunamwona yeye ni nani na anakwenda wapi, yeye kwenye AIS yake sisi hatupo, labda rada itushike kwa kile kiakisi tulichoning'iniza juu. Na nilikuwa najua kwamba sheria inaruhusu hadi mita 500 za maji mbele ya omo zisionekane kutoka chumba cha usukani. Sijui kwa nini hilo ndilo lililoniganda kichwani.

"Legeza matanga! Yote!" Nahodha huyo.

Matanga yakaanza kupiga, kelele mpaka husikii mtu, mashua ikapoteza mwendo ikabaki inabembea. Nikapima. 207. Nikapima tena, 201. Nikapiga kelele namba zile kama mwendawazimu. Na hapo hapo nikaona ubavu wake wa kushoto unafunguka, makontena niliyokuwa nayaona kwa mbele sasa nayaona kwa urefu. Akapita mbele yetu, mlio wa injini unausikia miguuni kabla ya masikioni, halafu mawimbi yake yakatufikia yakaturusha vibaya.

Calais tulifika jioni, tukafunga kamba.

Usiku ule nahodha alisema ni kwa sababu tulisimama, meli haikufanya chochote. Dada akasema hapana, ubavu haufunguki vile bila meli kugeuza, walituona wakatupisha. Nahodha akasema kama iligeuka basi iligeuka kwa ajili ya feri iliyokuwa mbele yake. Feri kweli ilikuwepo. Mpaka leo hawajakubaliana, na wote wawili wananigeukia mimi kwa vile dira nilishika mimi, nami ninazo zile namba tu, 210, 207, 201, hazisemi nani alimpisha nani. Chaneli 16, ile ya redio ya kuitana baharini, ilikuwa wazi muda wote, hakuna aliyetuita.