Idi Pili kwenye michezo ya maji, namba ya wote ni ya bibi

Watu wa huku kwetu Bagamoyo wakipanga kwenda kwenye michezo ya maji kule Dar wanaongelea kiingilio, wanaongelea nauli, wanaongelea nani atabeba nguo za watoto za kubadilisha, simu haimo kabisa kwenye kikao. Simu inachukuliwa ni kitu kipo tu, kila mtu anayo, tukipoteana tutapigiana. Sasa mimi nataka niongelee hapo hapo kwenye "tutapigiana", maana ukifika kule siku ya Idi Pili watu wamejaa mpaka maji huyaoni, ndo unakuta namba zote za ukoo ama hazipatikani ama zinaita tu hazipokelewi, na hakuna aliyekosea, ni mazingira ya pale yalivyo.

Hebu tazama. Mtu mzima yuko ndani ya bwawa na mtoto, simu kaifungia kwenye kabati la kukodi. Mwingine anayo shingoni kwenye kava la plastiki lakini muziki unapigwa, watoto wanapiga kelele, maji yanamwagika, haisikii. Wa tatu alikuwa anachukua video tangu geti, saa saba mchana chaji imekata. Hao ndo watu uliokuwa unawategemea mpigiane.

Kwetu sisi tulishaachana na mpango wa kila mtu kumpigia kila mtu. Mama yangu hapandi slaidi, hapendi, na wala hatumlazimishi. Anakaa kwenye mkeka kivulini na vikapu na viatu vya watoto wote, na kitochi chake kakifunga kwenye pindo la khanga kiunoni. Kikitetema anakisikia mwilini hata spika ziwe zinalia kiasi gani. Basi tumekubaliana, namba ya bibi ndo namba ya wote. Ukihama kutoka bwawa la wadogo kwenda kwenye slaidi kubwa unampitia au unamtumia meseji, ukimtafuta mtu humtafuti yeye, unamtafuta bibi, bibi ndo anajua nani yuko wapi na nani. Simu moja ambayo ni kavu, ina chaji, na inapokelewa, inawashinda watu wazima watano wenye simu za bei mbaya zilizolowa.

Na kitochi nakisema kwa kumaanisha. Kioo kidogo, hakina intaneti ya kula chaji, unakichaji leo unakitumia siku kadhaa, vitufe vya kubonyeza vinafanya kazi hata vidole vikiwa na maji. Smatifoni kioo chake chenyewe kina umeme mdogo, kinatambua kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme, na maji nayo yanapitisha umeme, ndo maana tone likikaa juu ya kioo simu inaanza kujibonyeza yenyewe, inafungua vitu hujaviomba, na wewe unayetaka kupokea inakugomea. Ndani ya kava la plastiki ndo kabisa, unabonyeza kijani mara tatu hadi aliyepiga anakata.

Maandalizi yanaanzia nyumbani usiku wa kuamkia safari. Simu zote zinachajiwa mapema, sio saa nne usiku mtu anaanza kutafuta waya, maana umeme ukikatika muda huo ndo umeishia hapo. Pawabenki nayo. Na hapa watu wengi wanajidanganya, imeandikwa 10,000 mAh na simu yako betri ni 5,000 unasema nitaijaza mara mbili, haifiki, kuna umeme mwingi unapotea njiani wakati wa kuchaji, utaijaza mara moja na kidogo hivi. Kwahiyo pawabenki moja kwa ukoo mzima ni ya dharura, sio ya mtoto kuangalizia katuni.

Alafu salio. Sio bando tu, salio la kawaida pia liwepo, na dakika, na meseji. Bando la MB peke yake siku ya sikukuu ni kujiweka pabaya, maana intaneti ndo ya kwanza kuzidiwa. Mnara wa simu ni kama bomba la mtaa, ndoo tatu zinajaa upesi, zikija ndoo mia moja bomba ni lile lile na presha ni ile ile. Eneo ambalo siku za kawaida lina watu wa kawaida, leo lina maelfu, na kila mmoja anarusha video kwenye status. Mshale wa mtandao utauona umejaa kabisa, lakini hakiendi kitu. Huo mshale unakuonesha nguvu ya mawimbi kutoka kwenye mnara tu, foleni iliyopo haukuoneshi.

Meseji ya kawaida ndo inapenya. Nazungumzia SMS, sio WhatsApp. Simu ya sauti inataka njia ishikiliwe muda wote mnaoongea, meseji yenyewe ni ndogo, herufi 160, inapita chap kwenye ile njia ambayo simu na mnara wanatumia kusalimiana, na ikishindikana haipotei hapo hapo, inakaa kwa muda kwenye mitambo ya mtandao inajaribiwa tena. Meseji ya kwanza kabisa duniani ilitumwa Uingereza Desemba 1992, ni kitu cha zamani, na bado kwenye umati hakina mpinzani.

Nililishuhudia hili kwa macho yangu. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la pili, alitoka kwenye bwawa la wadogo akafuata kundi la watoto wengine wenye maboya ya njano kama lake, akijua ni wenzake. Mama yake akageuka, mtoto hayupo. Wallah nakwambia moyo unavyoenda pale, maji kila upande, vichwa vimelowa vyote vinafanana. Wifi akaenda kwa waokoaji, mimi nikakimbilia kwa mama kwenye mkeka, nikamkuta kashikilia kitochi kakisogeza mbali na macho.

"Mama, nani kapiga?"

"Hajapiga mtu. Imeingia meseji, hebu nisomee mwanangu, vijiherufi hivi sivioni."

Ilikuwa namba ngeni. Mtoto wenu ninae hapa kwenye duka la ice cream karibu na vyoo vya wanawake, amevaa boya la njano, simu inagoma kutoka. Mama akaniangalia akasema, "Mjibu huyo dada asitoke hapo alipo. Na wewe usikimbie, sakafu inateleza."

Kumbe yule dada alimkuta mtoto analia, akamuuliza mama yako anaitwa nani, mtoto akamjibu "mama". Baba? "Baba." Unakaa wapi? "Nyumbani." Ndo majibu ya mtoto aliyeshtuka, hata mkubwa angechanganyikiwa. Lakini alipoulizwa namba ya simu aliimwaga yote, kuanzia sifuri saba mpaka mwisho, kwa ule mdundo tuliomfundishia. Sisi huwa tunawaimbisha kwenye gari, tukitoka Bagamoyo tunaimba namba ya bibi, tunapita Kerege tunaimba, tunapita Mapinga tunaimba, tukifika Bunju namuuliza mmoja mmoja ghafla, anayeitoa bila kusita anapata pipi. Wanaona ni mchezo. Lakini siku ile, alhamdulillah, dada wa watu alipiga ikagoma, akatuma meseji, ikafika.

Kwa wadogo ambao hawajaweza kukariri tunaandika. Peni ya kawaida kwenye mkono haifai, dawa ya maji ya bwawa na mafuta ya kujipaka vinaifuta kabla hata ya mchana. Sisi tunaandika kwa maka peni kwenye kipande cha kadi, tunakizungushia selotepu pande zote, tunakifunga na uzi kwenye boya au kwenye mkanda wa kaptula, shingoni hapana, uzi wa shingoni kwenye slaidi ni hatari kubwa. Na tunaandika namba tu. Jina la mtoto siandiki, sitaki mtu asiyemjua amuite kwa jina lake mtoto akadhani ni ndugu.

Jingine ni kuelekezana. Watu wanapenda kusema "nipo kwenye slaidi ya bluu", sasa slaidi za bluu ziko ngapi pale? "Nipo karibu na mti", mti gani? Mkifika tu, kabla hata nguo hazijavuliwa, wote mnazungushwa, hapa ndo kwa bibi, pale duka, pale vyoo, pale chumba cha huduma ya kwanza, na saa ya kula wote mnarudi kwa bibi hata kama hakuna aliyepiga simu. Hiyo saa ndo inayookoa mtandao ukizima kabisa, maana wote wanajua wakutane wapi na saa ngapi bila ya kupigiana.

Wanaonishauri nitumie lokesheni ya moja kwa moja ya WhatsApp, naitumia ndio, lakini sio ya kutafutia mtoto. Inakupa kuchagua dakika 15, saa 1 au masaa 8, inakula chaji, inataka data, na hata mkiwa kwenye uwazi mzuri inaweza kukosea mita 5 hivi au zaidi, na mita 5 pale ni watu thelathini. Kazi yake nzuri ni barabarani, gari la kaka likiwa nyuma tunaliona limefika wapi, basi inatosha.

Kuhusu zile simu zinazosemwa haziingii maji, jamani tusome vizuri. IP67 maana yake ilipimwa mita 1 kwa dakika 30 kwenye maji masafi yaliyotulia. Maji ya bwawa yana klorini, maji ya bahari yana chumvi, na kwenye slaidi hayajatulia, yanapiga kwa nguvu. Tena ule mpira unaoziba ndani unazeeka, simu ikishadondoka mara kadhaa au ikishafunguliwa na fundi sio ile tena. Mimi natumia kava la plastiki na kabla ya safari nalijaribu, naweka tishu ndani bila simu, nalizamisha kwenye ndoo na jiwe juu yake, naliacha nusu saa, tishu ikitoka na unyevu wowote kava hilo naliacha nyumbani. Na simu iliyolowa haichajiwi mpaka tundu la chaji likauke kabisa.

Jua nalo lisahauliwe na nani. Apple wenyewe wameandika iPhone itumike kwenye joto la kati ya digrii 0 na 35, sasa simu iliyoachwa juu ya taulo jeusi saa sita mchana Dar unadhani ina digrii ngapi? Inajizima yenyewe, na ikijizima hupatikani. Ipeleke kivulini ipoe polepole, usiiweke kwenye dumu la barafu, ule ubaridi wa ghafla unatengeneza unyevu ndani.

Shangazi yangu yuko Unguja na kila mwaka anataka video kol awaone watoto wakiogelea. Namwelewa, ni damu yake, na anawakosa. Lakini video kol kwenye umati ni kukwama kwama, unaona sura imeganda mdomo wazi, na dakika zote hizo mimi simwangalii mtoto aliye majini. Tumeelewana nae, natuma meseji "tumefika salama shangazi", alafu narekodi vipande vifupi, jioni tukishatoka pale kwenye msongamano navituma vyote kwa mpigo. Na vipande vyenyewe naangalia nani yumo, watoto wa watu wengine wamevaa nguo za kuogelea, siwezi kuwarusha kwenye status yangu, mama zao hawajaniruhusu.

Hela ya kwenye simu nayo iwekwe akilini, siku za sikukuu ndo zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii" zinamiminika, na mtu mwenye haraka kwenye foleni ya chipsi anaweza kutuma kweli. Kwetu anayelipa ni mmoja, na hajibu meseji ya hela mpaka akae chini. Simu ikiibiwa au ikipotea, wapigie mtandao wako waifunge laini hapo hapo kwa simu ya mwenzako, usisubiri kufika nyumbani. Na kwa jambo la hatari kweli, 112 ni polisi, 116 ni ya huduma kwa watoto, hizo hata bibi kaziweka kwenye kitochi chake.

Kurudi ndo pale chaji zote zimebaki kidogo. Babu alibaki nyumbani Bagamoyo, WhatsApp hana na wala haitaki, kwahiyo tukitoka namtumia meseji, tukipita Bunju nyingine, tukipita Zinga nyingine, na ile ya Zinga ndo anawasha jiko la chai. Gari zikiwa mbili kila gari linatuma ya kwake, sio moja kusemea mwenzake, maana foleni ya Tegeta inawatenganisha vizuri tu.

Kinachonisumbua mpaka sasa ni watoto wa miaka miwili mitatu, wale hawakariri, kadi wanaing'oa na kuitafuna, na kukaa mikononi muda wote hawakubali. Kwa hao bado tunafanya mtoto mmoja mtu mzima mmoja, asiyemwachia kwa sekunde, na wanapokezana kwa bibi kwa kutajana majina, "mimi namkabidhi, wewe umempokea?" Mwenye njia nzuri zaidi ya hiyo aniambie kabla ya Idi inayokuja, nitaijaribu.