Faili la Doom, draiva na ugomvi wa kundini

Kundi letu la Telegram, la sisi wapenda kompyuta kuukuu hapa Lamu, wiki hii halikaliki. Admini, ambaye sote twamwita Maalim, ametoa sheria mpya: marufuku kutupia faili lolote lenye mwenyewe. Ami mmoja wa Mkomani akajibu kwa sauti: "Sasa, Maalim, tutapeana nini? Salamu?"

Chanzo ni Doom, mchezo wa zamani wa kompyuta wa kupiga risasi mazimwi. Kijana wa Shela alitupia doom.wad, Maalim akaifuta, kijana akaja juu: mbona doom1.wad ipo kundini siku zote na haijaguswa? Kwa asiyejua, hiyo 1 ndiyo yenye maneno. Mwaka 1993 id Software, watengenezaji wa Doom, walitoa sehemu ya kwanza ya mchezo bure, watu wanakili na wapeane; sehemu zilizobaki ulinunua. doom1.wad ndiyo ile ya bure; doom.wad ni mchezo mzima, ule wa kununua. Mwaka 1997 wakaachia pia msimbo wa programu, yaani maagizo yanayouendesha mchezo, na hapo ndipo kijana alipochanganya mambo. Ramani, picha na sauti zilizomo ndani ya doom.wad hazikuachiwa. Nimemtumia Freedoom, ambayo ramani, picha na sauti zake zimetengenezwa upya na watu wa kujitolea na ni halali kuigawa. Anasema mazimwi yake hayatishi.

Hapo basi Maalim yuko sawa. Ile hoja ya "ya zamani hiyo, mwenyewe keshaisahau" siipokei. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, na kazi ya fasihi hulindwa uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada yake. Windows XP Microsoft waliacha kuihudumia Aprili 2014, lakini hawakusema tuigawe. Kraki nazo, zile za kuvunja kufuli la leseni, zifutwe tu. Ami analia na bei ya leseni, na ana haki ya kulia, ila za bure zipo: LibreOffice badala ya Microsoft Office, na Linux Mint badala ya Windows.

Ninapogombana na Maalim ni kwenye draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa kilichomo kwenye mashine. Mashine zinatufikia zishazeeka, zinashuka kwa boti kutoka Mokowe, na haupiti muda chumvi inaanza kula matundu ya USB. Unapiga Windows, inawaka vizuri, kadi ya Wi-Fi haionekani. Unakwenda kwenye tovuti ya mtengenezaji, ukurasa umeondolewa. Draiva hiyo ina mwenyewe, sikatai, lakini mwenyewe aliigawa bure kwa kila aliyekuwa na mashine yake. Fundi wa Langoni asipoipata kwetu, ataitafuta kwenye zile tovuti zenye vitufe vitano vya "pakua", vinne vyao virusi.

Nilichopendekeza: anayetupia draiva aandike modeli ya mashine, alikoitoa, na alama ya SHA-256, kama alama ya kidole ya faili, zile herufi na tarakimu 64 ambazo Windows yenyewe hukupa kwa amri ya certutil. Baiti moja ikibadilika, alama yote inageuka. Mwenye nakala aliyoipakua zamani kwa mtengenezaji atalinganisha na atuambie kama ni ile ile.

Maalim kasema atalitazama baada ya Idi. Kwa sasa draiva zinapita inbox, mtu kwa mtu, na huko hakuna anayekagua kitu.